Suruali ya Mwalimu wa Kwaya

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Pindo, na jina hilo hawakumpa bure. Nguo aliyoishona yeye ingeweza kuchakaa kola, ikapauka mgongo, ikapoteza vifungo vyote, lakini pindo lake lingebaki pale pale mpaka siku nguo yenyewe igeuzwe tambara la kupigia deki. Mafundi wenzake walidai ana uzi wa siri. Uzi wake ulikuwa ule ule walionunua wao, duka lile lile, na mara nyingine alichagua wa bei ya chini kuliko wao, maana Mama Pindo alikuwa na mkono wa birika kidogo, tusimfichie.

Tofauti ilikuwa katika namna ya kushona. Mishono mingine yote aliipiga kwa cherehani, lakini pindo alilishona kwa mkono, na kila pindo alilishona akiomba. Alifundishwa hivyo na shangazi yake, aliyemlea na kumpa ufundi. Ukianza pindo unamtaja mwenye nguo mbele za Mungu, ukizunguka unawataja walio nyumbani mwake, na fundo la mwisho hulifungi mpaka umesema amina. Shangazi hakuwa mtu wa kueleza sana. Alisema tu kwamba fundi humshika mtu kifua, kiuno na mapaja, kisha akishalipwa anamsahau, na hiyo si heshima. Binti akashika hivyo hivyo, akakua hivyo, akaolewa hivyo, na kufikia siku ninazotaka kuzisimulia alikuwa ameombea nusu ya mji bila wenyewe kujua. Wapo waliokuja juu kwa sababu nguo zao zimechelewa, wasijue kwamba kilichowachelewesha ni wingi wa watoto wao.

Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ilikaa dirishani kwa ajili ya mwanga, meza ya kukatia katikati, kioo kirefu chenye ufa ukutani, na vipimo vya wateja vimeandikwa kwa chaki pembeni mwa meza. Nyuma ya pazia ndipo palipokuwa na chumba cha kulala, na humo mchana kutwa alilala mume wake. Alikuwa mlinzi wa ghala, zamu ya usiku. Alirudi asubuhi mkewe akiwa anawasha jiko, wakanywa chai pamoja, mmoja akipiga miayo ya kuamka na mwingine miayo ya kwenda kulala. Jioni alivaa buti zake akaondoka. Watoto walikuwa watu wazima, wameoa na kuolewa, kila mmoja kwake. Basi wazee wetu hawa wakaishi hivyo miaka mingi, wakipokezana kitanda.

Hawakuwa na ugomvi. Kilichokuwa kimepungua ni maneno. Yaliyobaki yalikuwa ya chumvi, ya sabuni, ya bawaba ya mlango inayolia, na hata hayo waliyasema huku mmoja wao ameshafumba macho. Mlinzi alikuwa mtu mwema, mtulivu, asiyelewa wala kutukana, lakini kumtoa neno mdomoni ilikuwa kazi kuliko kutunga uzi gizani. Mkewe alikuwa ameshazoea. Au tuseme alidhani amezoea.

Wengi wetu tunadhani majaribu huja na pembe na mkia. Haya yalikuja yamevaa miwani, na yalibisha hodi kwa adabu. Alikuwa mwalimu mpya wa kwaya wa kanisa lao. Alikuwa amehamia karibuni, mke na watoto wamebaki kule alikotoka wakingoja shule zifungwe ndipo wamfuate. Alikuja kuagiza majoho ya kwaya nzima. Alipofika alimkuta Mama Pindo anaimba peke yake pale cherehanini, akasimama nje mpaka ubeti ukaisha, ndipo akabisha. Akamwambia kwamba kwaya ina shida ya sauti ya pili, na kumbe sauti yenyewe hii hapa imejificha, tena ni ajabu dada mwenye sauti kama ile kukaa viti vya nyuma kila Jumapili.

Dada. Mtaa mzima ulimwita mama, hata wazee waliomzidi umri, hata mwenye duka aliyekuwa na wajukuu. Neno hilo lilimkaa moyoni siku nzima, na siku hiyo hiyo akakata gauni la mteja fupi mno likawa la kumfaa mtoto.

Mwalimu akarudi kuleta kitambaa. Akarudi kuona mfano wa kola. Akarudi kuuliza kama kitambaa kimetosha, na kilikuwa kimetosha na kubaki. Kila alipokuja alikaa kwenye kigoda cha wateja akauliza maswali: ufundi alijifunzia wapi, shangazi alikuwa mtu wa namna gani, wimbo upi anaupenda na kwa nini. Halafu akanyamaza kusikiliza, akasikiliza mpaka mwisho, na akija tena anakumbuka alichoambiwa. Kwa mwanamke aliyezoea kuzungumza na mtu aliyelala, hilo halikuwa jambo dogo. Nisimsingizie mwalimu: hakuwahi kumgusa hata kidole, wala hakusema neno ambalo lisingeweza kusemwa mbele ya mchungaji. Hata hivyo Mama Pindo alianza kuzijua hatua zake zikiwa bado barabarani, na mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kunyoosha.

Majoho yalipokwisha mwalimu akasema anataka suti yake mwenyewe. Ikabidi apimwe. Futi ikapita mabegani, kifuani, kiunoni, kazi aliyoifanya kwa wanaume wasio na idadi huku akiwaza chakula cha mchana. Safari hii alisoma kipimo cha kiuno, akakisahau, akakisoma tena. Mwalimu aliona. Akasema taratibu, huku anatazama dirishani, kwamba Jumamosi alasiri atakuwa nyumbani kwake na ana kinanda, aje amfundishe kusoma noti. Aje peke yake, maana wenzake wakijua watataka wote. Walikuwa watu wazima wawili, na wote wawili walijua kwamba noti hazikuwa habari yenyewe.

Mama Pindo akajibu, "Nitaona."

Yeye aliyekuwa fundi wa kusema hapana, aliyewakatalia wateja wakorofi tangu ujana wake, leo alisema nitaona. Na jioni ile, mumewe alipokwenda kazini, akachukua kipande cha kitambaa cha maua alichokuwa amemwekea binti yake na kujikatia blauzi.

Ijumaa mchana koti la mwalimu lilikuwa tayari limetundikwa, yamebaki mapindo ya suruali. Akaketi karibu na dirisha, akatunga uzi, akaanza mguu wa kwanza. Alizunguka mpaka mwisho, akafunga fundo, akakata uzi, na alipouinua mguu ule kuutazama ndipo akashtuka. Hakuwa ameomba. Kwa mara ya kwanza tangu shangazi amtie sindano mkononi, alikuwa ameshona pindo zima akiwaza mambo yake, akiwaza njia ya kwenda nyumba ya mwalimu na kama apite mbele ya duka au nyuma.

Akajikemea, akasema labda ni uchovu, akashika mguu wa pili aanze kwa utaratibu. "Bwana, mbariki mtu huyu," akasema, "na nyumba yake, na…" Ulimi ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma pale pale. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na mke ndani yake. Angemwombaje Mungu aibariki nyumba hiyo leo, na kesho yeye aingie humo kwa miguu yake kuivunja? Akafikiri atapita kando kidogo, amwombee mwalimu peke yake: kazi yake, sauti yake, moyo wake wa kusikiliza watu. Akajikuta anamsifia mwanamume huyo mbele za Mungu, kama msichana anayemsimulia rafiki yake habari za mchumba. Aliposikia anayoyasema, uso ulimwaka moto.

Akaiweka suruali magotini. Nyuma ya pazia mumewe alikuwa akikoroma taratibu, mlio aliouzoea hata hausikii, na leo aliusikia. Akafumba macho.

"Bwana Yesu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nataka kwenda. Nisikudanganye. Umeniona na ile blauzi mbele ya kioo. Sina nguvu ya kutokwenda. Nishike wewe."

Ningefurahi kuwaambieni kwamba hamu ilimtoka hapo hapo akainuka mzima. Haikutoka. Alipofumbua macho suruali ilikuwa bado ya mtu yule yule, na kesho ilikuwa bado Jumamosi. Ila sasa jambo lilikuwa limetajwa mbele ya mwingine, hakuwa nalo peke yake tena, na hilo lilimpa nafasi ya kuvuta pumzi. Akachukua wembe, akaufumua mguu wa kwanza, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka pindo likaanguka. Kisha akatunga uzi mpya na kuanza upya, na safari hii alimwanzia mke.

Hakujua jina lake wala sura yake. Muda wote ule mwalimu hakuwa amemtaja, na yeye hakuwa ameuliza, na sasa akaona kwamba kule kutouliza kulikuwa kazi aliyoifanya kwa bidii. Akamwombea mwanamke anayefunga mizigo peke yake, anayewaambia watoto kwamba baba anawangoja. Akaomba asafiri salama. Akaomba asipate upweke wa ugenini, apate jirani mwema wa kumshika mkono. Hapo sindano ikasimama, kwa maana fundi wa nguo za mume wake, anayekaa hatua chache kutoka kanisani, alikuwa nani kama si huyo jirani?

Akalia. Alilia uso ameugeuza pembeni ili asilowanishe kitambaa cha watu, kwa kuwa hata katika toba ufundi ni ufundi. Akaomba tena, akafika pale Sala ya Bwana inapoomba tusitiwe majaribuni, akapakariri kama mtoto anayekazania somo. Wakati mwingine hamu ilirudi na nguvu zake zote, na alipoiona inakuja alimtaja tena yule mke, akaendelea kushona. Amina ya mguu ule ilichelewa kuliko amina zote za maisha yake. Alipoisema alifunga fundo, akashika mguu wa pili.

Mwalimu alikuja Jumamosi kabla ya mchana kuchukua suti. Akavaa koti mbele ya kioo, likamkaa vizuri, akatabasamu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama alasiri wataonana.

"Mwalimu, leo sitakuja," Mama Pindo akasema.

"Una kazi nyingi?"

"Sina kazi. Natamani kuja. Ndiyo maana siji."

Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa shati, ingawa ilikuwa safi. Mama Pindo alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaendelea kabla ujasiri haujamwisha. Akasema kwamba yeye ana desturi ya kuwaombea wenye nguo na watu wa nyumba zao, na jana amemwombea mkewe bila jina, na hakupenda kumwombea hivyo.

"Mkeo anaitwa nani?" akauliza.

Mwalimu akairudisha miwani usoni. Kisha mwalimu akalitaja jina la mkewe, mara moja, kwa sauti ya mtu ambaye hajalitamka kwa muda. Akakaa kwenye kigoda kama aliyechoka ghafla. Akasema kwamba usingizi ulikuwa umemkimbia wiki nzima, kwamba aliogopa fundi asipokuja na aliogopa zaidi akija, na kwamba ndani ya moyo wake alikuwa ameanza kuzoea kusahau kwamba ana mtu anayemngoja. Akaomba msamaha, na msamaha wenyewe aliuomba vizuri, bila kujitetea. Nimewaambia mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Mama Pindo akamwambia mkewe akifika amlete, atamshonea gauni la kuingilia kanisani.

Mwalimu akavua koti, akakunja suti yake, akafika mlangoni, akageuka. "Asante, mama," akasema.

Alisema kwa heshima na alisema kwa wema, na neno hilo ndilo lililomuuma Mama Pindo kuliko yote. Aliketi mbele ya cherehani akasikiliza hatua za mwalimu zikipungua barabarani. Alikuwa ametenda lililo jema, na lilimuuma kama pengo la jino lililong'olewa. Hakuna aliyemwambia kwamba ukimtii Mungu unaweza kubaki umekaa hivyo, umeshinda na huna furaha. Akakaa. Hakugusa kazi.

Na watu waliolala mchana kwa miaka mingi wana mambo yao. Mlinzi alilala fofofo cherehani ikinguruma, nyundo zikigongwa kwa jirani, watoto wakicheza mpira dirishani. Cherehani ikinyamaza sana, anaamka. Pazia likasogea akatokea na fulana, mikunjo ya mto imemchora shavu, akauliza mbona hashoni, anaumwa?

Mama Pindo angeweza kusema anaumwa kichwa. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme hivyo. Badala yake akamwambia akae, naye mlinzi akakaa kwenye kigoda kile kile cha wateja, na mkewe akamweleza yote kuanzia mwanzo: dada, na miwani, na kinanda, na blauzi ya maua, na pindo alilolishona bila kuomba, na alivyotamani kwenda. Hakumpaka mwalimu matope ili yeye abaki safi. Alipomaliza alikaza macho yake sakafuni akangoja, na hapo ndipo alipojua anaogopa nini. Aliogopa kwamba mumewe atasema sawa, kisha arudi kulala.

"Nilijua kuna kitu," mlinzi akasema.

"Ulijuaje, baba watoto?"

"Uliacha kunigombeza. Naingia na buti mpaka chumbani, husemi. Nasahau kuchota maji, husemi. Unanipa chai kama mgeni. Nikasema, huyu mke wangu hayupo hapa."

Akamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Mlinzi akakuna shingo, akatazama miguu yake.

"Ningesema nini? Mimi maneno sina, unanijua. Nikawa naomba tu. Kule kazini nikizunguka ghala, nikifika ile kona ya nyuma nasimama kidogo, naomba."

Mama Pindo akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia nyumbani mle. Yeye aliyeombea nusu ya mji hakuwahi kumsikia mumewe akiomba, isipokuwa ile amina ya kanisani inayosemwa na watu wote. Na akakumbuka, na moyo ukamchoma, kwamba sare ya mumewe hutoka kazini imeshashonwa tayari, na hivyo kwa miaka yote ile hajawahi kuketi na nguo yake magotini akamtaja mbele za Mungu kama alivyowataja wageni.

"Unaomba unasemaje?" akauliza.

"Si maombi ya maana."

"Niambie."

Mlinzi akaona haya kama kijana. "Nasema, Bwana, mimi nalinda mali ya watu usiku kucha, na nyumba yangu haina mlinzi. Kaa wewe pale mpaka nirudi."

Hapo Mama Pindo akaacha kujizuia, akalia kwa sauti, na mumewe, ambaye hakujua afanye nini na mwanamke anayelia, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Nje alasiri ilikuwa imeingia. Saa ya noti ilikuwa imefika na kupita, na hakuna kati yao aliyeitazama.

"Iombe tena," mkewe akasema. "Nataka kuisikia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, baba watoto. Hapa hapa."

Mlinzi akafumba macho. Mikono hakujua aiweke wapi, mwishowe akaiweka juu ya mikono ya mkewe. Akaanza kama alivyozoea, kwamba yeye analinda mali ya watu usiku kucha na nyumba yake haina mlinzi, akafika pale pa kumwomba Mungu akae mpaka arudi, akakwama. Hakuwa mtu wa kubadilisha maneno haraka.

"Bwana," akasema mwishowe, "nimerudi. Lakini usiondoke."

"Amina," akasema mkewe.